Kupanga maficho ya jiokashingi Meru na Embu kwa ramani dijitali

Jiokashingi ni mchezo wa kuficha na kusaka vikasha kwa msaada wa setilaiti. Mchezaji huficha kikasha chenye daftari dogo, kisha hutangaza mtandaoni latitudo na longitudo za mahali hapo. Wenzake hukitafuta kwa kifaa cha GPS au simu ya rununu, hutia sahihi daftarini na kukirudisha kilipokuwa.

Mchezo huu ulizaliwa Mei 3, 2000, katika jimbo la Oregon, Marekani, pale Dave Ulmer alipoficha ndoo msituni. Siku hizo hizo serikali ya Marekani ilikuwa imeondoa hitilafu iliyotiwa makusudi katika mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Awali kifaa cha raia kiliweza kukosea kwa takriban mita 100. Leo, mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita chache tu, ingawa chini ya miti mirefu au ndani ya korongo kosa huongezeka.

Anayeficha kikasha huwaelekeza watu asiowajua mahali ambapo wengi wao hawajawahi kufika. Kwa hiyo kazi yake huanza kwenye tarakilishi, kabla ya kufunga viatu vya kupandia mlima. Katika kaunti za Meru na Embu, zilizoegemea Mlima Kenya upande wa kaskazini-mashariki na kusini-mashariki, kazi hiyo ina mambo manne yasiyopaswa kupuuzwa.

La kwanza ni ikweta. Mstari huo hupita kati ya mji wa Meru, ulio takriban dakika 3 kaskazini, na Nkubu, iliyo takriban dakika 4 kusini. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Anayeandika kaskazini badala ya kusini kwa kikasha cha Nkubu atampotosha msakaji kwa karibu kilomita 15. Kosa hilo hilo kwa mji wa Embu humpeleka mtu zaidi ya kilomita 110, hadi nyika iliyo kaskazini-magharibi mwa Isiolo. Hali kadhalika, ramani nyingi za simu huonyesha nyuzi kwa desimali, ilhali jiokashingi hutumia nyuzi na dakika. Nyuzi 0.53 ni dakika 31.8, wala si dakika 53.

La pili ni chanzo cha ramani. Ramani za karatasi za Idara ya Upimaji za kipimo cha 1:50,000 bado ni hazina kwa mpanda milima, lakini zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960. GPS hutumia mfumo wa WGS84. Nambari zikihamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kubadilishwa, mahali husogea kwa takriban mita 300. Umbali huo watosha kukihamisha kikasha kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi wa pili.

La tatu ni umbo la ardhi. Mito kama Kathita, Thuci na Rupingazi imechimba mabonde makali ikishuka kutoka mlimani kuelekea Tana. Sehemu mbili zilizoachana kwa kilomita moja kwenye picha ya setilaiti zaweza kuhitaji saa nzima ya kushuka na kupanda. Mistari ya kontua isomwe kabla ya picha: inapokaribiana, mteremko ni mkali. Aidha, picha zilizo safi aghalabu hupigwa wakati wa kiangazi, mawingu yanapokuwa machache. Kijito kinachoonekana humo kama uzi huenda kisivukike wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba.

La nne, na lililo zito kuliko yote, ni kwamba ramani haitoi ruhusa. Mlima Kenya ulifanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1949 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1997. Mbuga ya Meru ilitangazwa mwaka wa 1966. Humo, idhini hutafutwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Katika misitu ya serikali kama Imenti, huombwa kwa Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kijia chembamba kinachoonekana msituni kutoka angani huenda ni njia ya ndovu na nyati, wala si ya binadamu.

Nje ya misitu, jicho huvutwa na kichaka kilichobaki peke yake katikati ya mashamba ya chai au kahawa. Kabla ya kukitia alama, mtu ajiulize kwa nini hakikukatwa. Mara nyingi kimehifadhiwa na watu: ni mahali pa sala au mti wa mugumo unaoheshimiwa. Ziwa Nkunga, katika msitu wa Imenti, huhesabiwa kuwa takatifu. Nchiru ni makao ya wazee wa Njuri Ncheke. Mlima Kiang'ombe, Mbeere, umezungukwa na masimulizi ya mizimu. Mahali kama hapo, wazee waulizwe kwanza, nao wakikataa, alama ifutwe.

Kanuni za mchezo wenyewe zinakubaliana na busara hiyo. Vikasha viachane kwa angalau mita 161, kisichimbiwe shimo, mwenye ardhi akubali, na mwenye kikasha aweze kurudi kukitunza. Pasipofaa kuacha kitu, kuna aina isiyo na kikasha, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ambapo msakaji hufika kwenye mwamba au maporomoko na kujibu maswali ya jiolojia.

Baada ya kuchagua sehemu tatu au nne, ramani ipakuliwe simuni, kwani mtandao hukatika mabondeni. Nakala ya njia iachiwe mtu nyumbani. Mahali penyewe papimwe upya kwa siku tofauti na wastani wa vipimo uchukuliwe. Kikasha kiwe cha plastiki inayoonyesha vilivyomo, chenye maandishi ya Kiswahili yanayoeleza ni nini, ili mchungaji atakayekiona asidhani ni kilipuzi. Mwenye boma la karibu naye aarifiwe, kwani ndiye atakayewaona wageni kabla ya mtu mwingine yeyote.