Aliyeapa Hatarudi Majengo

Kuna ngoma ya zamani ambayo jina lake ni kiapo: Majengo Siendi Tena. Aliyeiimba ni Fundi Konde, gita mkononi, kwa sauti ya upole kama ya jirani anayebisha hodi asubuhi kuazima chumvi. Ukiisikia mara ya kwanza hutadhani kuna mtu ana malalamiko. Gita linatembea bila haraka, na ndani ya utamu huo kuna mwanamume amekata shauri. Pale mahali, yeye basi.

Mtoi wa Eastlands hawezi kusikia jina hilo akanyamaza tu. Ni kweli Mombasa kuna Majengo, Moshi kuna Majengo, na miji mingine mingi ya Afrika Mashariki ina yake, maana neno lenyewe halisemi zaidi ya mahali watu walipojijengea. Lakini cheza hiyo ngoma kwenye kibanda cha chai pale Pumwani uone kama kuna mzee atakuambia ni ya Moshi. Kwa wenyewe ni ya hapa, kati ya Gikomba na Eastleigh, kwenye zile nyumba za mabati yaliyokula kutu. Na sisi tuliokulia huku tunajua vile kiapo hicho huumiza. Kuna watu wengi sana Nairobi hii ambao wameapa hivyo hivyo, bila gita.

Mimi nataka tumfuate huyu mzee tangu mwanzo. Maisha yake yanapita karibu kila mahali ambapo historia ya mitaa yetu imepita, na sisi hapa tunaongea ni kama muziki wa Eastlands ulizaliwa Dandora mwaka 1997, Kalamashaka walipotoa Tafsiri Hii. Heshima kwao kabisa. Lakini nusu karne kabla yao kulikuwa na mtu aliyeimba Kiswahili cha mjini, juu ya mambo ya mjini, na akasikika mbali.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, upande wa Kilifi, akasoma kwenye shule ya misheni ya Kikatoliki huko Kaloleni ya pwani. Tulia kidogo hapo. Nairobi nayo ina Kaloleni yake, ile estate ya miti mikubwa na nyumba za mawe kando ya Jogoo Road, iliyojengwa miaka ya 1940. Majina ya mitaa yetu yana tabia hiyo, yanakuja na mizigo kutoka mbali. Misheni ndiyo iliyowapa vijana wengi wa wakati ule kinanda, filimbi, nota na kwaya. Ukitafuta asili ya muziki wa dansi wa nchi hii, usishangae ukipelekwa kanisani kwanza.

Halafu vita vikaja. Konde aliingia King's African Rifles, na badala ya kupewa bunduki tu, akajikuta kwenye kikosi cha burudani, wale wanajeshi waliokuwa wanatumbuiza wenzao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapigana Burma mwaka 1944, kwenye matope na malaria ya Bonde la Kabaw, na vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wanaongea lugha moja ya kambini, Kiswahili. Hao ndio waliohitaji nyimbo. Burma, India, Ceylon, huko kote gita lilifika. Huo ndio mtihani mkubwa kwa mwanamuziki, kwamba mbele yako kuna watu wa makabila hamsini, wamechoka, wanaogopa, hawajui kama watarudi kwao, na wewe una dakika chache za kuwafanya wacheke au walie. Lazima maneno yawe mepesi na sauti iwe ya karibu. Ukisikiliza rekodi zake za baadaye, huo wepesi haujamtoka kamwe.

Leo ukishuka karibu na City Stadium unakuta Burma, pale pa nyama. Wengi wetu tumekula mbavu pale bila kujiuliza nyama ya ng'ombe inahusiana vipi na nchi ya Asia. Wazee husema jina lililetwa na askari waliorudi. Na Kariokor, hatua chache kutoka hapo, ni Carrier Corps iliyomezwa na ulimi wa Kiswahili, kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza. Eastlands ni kaburi la vita viwili vya watu wengine, sema tu tumelipanda juu vibanda.

Askari walirudi na vitu vingi. Wengine walirudi na siasa. Kina Konde walirudi na bendi. Kutoka kikosi kile cha burudani ikazaliwa Rhino Band, iliyopiga kambi Mombasa, na kuanzia mwaka 1947 sauti ya Konde ikaanza kuingia kwenye santuri. Zile santuri zilikuwa nzito na dhaifu kama sahani ya udongo, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba dakika tatu tu. Hadithi yako lazima iishe kabla ya sindano kufika katikati. Sasa hivi tunasema vijana wa TikTok wameharibu muziki kwa kuufupisha. Waulize wa 1947.

Muziki wenyewe ulikuwa na wazazi wengi. Rumba ya Cuba ilikuwa imefika Afrika kwa santuri, ikaingia Kongo na pwani yetu pia. Kulikuwa na dansi za kizungu za kushikana kiuno, kulikuwa na beni, kulikuwa na ushairi wa pwani ambao humfundisha mtu kusema jambo zito bila kulitaja. Konde alivichanganya kwa mkono mwepesi. Alitoa Tausi, akatoa Ajali Haikingiki, akatoa Olivia Leo, na ile ya Majengo. Anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gita la umeme upande huu wa Afrika. Alipiga na Ally Sykes wa Tanganyika, askari mwenzake wa Burma ambaye baadaye angehesabiwa kati ya waanzilishi wa TANU. Promota wao alikuwa Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyekuwa na pua ya biashara. Fikiria picha hiyo: kwenye jukwaa moja kuna mtu wa mapenzi na mtu wa uhuru, na anayehesabu doo ni mzungu.

Sasa turudi Majengo, maana bila Majengo ngoma haieleweki.

Pumwani ilipimwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali rasmi pa Waafrika Nairobi. Kabla ya hapo watu walikuwa wamejijengea vijiji vyao, Pangani kikiwa kikubwa zaidi, na mkoloni hakupenda kijiji asichokipanga yeye. Pangani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakasukumwa upande huu, na Shauri Moyo ikaota. Kule Pumwani ulipewa kiwanja na ukajijengea mwenyewe, nyumba ya udongo na miti kwa mtindo wa pwani, korido katikati na vyumba huku na huku. Ndiyo sababu ya jina. Mahali pengine mjini ulikuwa unalala kwa kibali cha mwajiri, na kipande shingoni hadi mwaka 1947. Majengo ulikuwa unalala kwako.

Na kwako kwa nani? Hapa ndipo historia inapotuumbua. Sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake. Luise White alikuja miaka ya 1970 kuwahoji wazee wa mtaa, akatoa kitabu mwaka 1990, The Comforts of Home, na ndani yake kuna uchumi mzima ambao hatukufundishwa shuleni. Mji ulijaa wanaume walioacha wake zao ocha, maana mshahara haukutosha familia na chumba kilikuwa cha kitanda kimoja. Kuna wanawake waliojua hesabu hiyo. Kuna waliotembea barabarani, na kuna waliokaa vyumbani mwao wakamngoja mwanamume aje. Akija anapikiwa chai, anapata maji moto ya kuoga, anaongeleshwa kama mtu. Analipia yote. Hiyo pesa haikupotea. Iligeuka mabati, kuta na ploti. Wengi wao walisilimu, wakapata ndugu wapya na jina jipya, na nyumba wakairithisha mtu waliyemchagua wenyewe.

Kwa hiyo mwanamume anaposema Majengo haendi tena, kuna mambo mengi anayoyasema kwa pamoja. Anasema alikuwa anaenda. Anasema kuna kitu huko kilikuwa kitamu kiasi kwamba kuacha kunahitaji kuapa. Anasema pia pesa zake zimebaki kwa mtu. Kila mwanamume aliyekuwa akicheza santuri hiyo kwenye dansi, awe Pumwani Memorial Hall au kwenye ukumbi wa Kaloleni, alijua anacheka nini. Dansi ikiisha, si ajabu kulikuwa na walioapa na bado wakapitia huko huko.

Kuna swali hata hivyo ambalo siwezi kuliruka. Rekodi zake nzuri ni za 1947 hadi 1956. Katikati ya miaka hiyo kuna Oktoba 1952, hali ya hatari, na kuna tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil. Asubuhi hiyo wanajeshi na polisi waliuzunguka mji, wakaingia Eastlands nyumba kwa nyumba, wakatoa watu wa Gĩkũyũ, Embu na Meru, wakawapeleka Langata kuchujwa, na maelfu yao wakaishia Mackinnon Road na Manyani. Mtaa ulinyonywa watu. Na wakati huo huo santuri inaimba mapenzi kwa upole. Je, huu ulikuwa muziki wa kuwalaza watu?

Nimewaza sana juu ya hilo, na jibu langu halijanyooka. Kweli, mkoloni alipenda nyimbo za aina hii. Nyimbo za Mau Mau zilipigwa marufuku, hizi zikauzwa madukani. Promota na kampuni walijua wimbo mtamu unauza sigara, soda na dawa ya kichwa. Ndivyo Edouard Masengo na Jean-Bosco Mwenda kutoka Katanga walivyokuja kujulikana Nairobi miaka hiyo, nyuma yao kukiwa na matangazo. Lakini siwezi kusema mtu anayeimba juu ya Majengo anamsaidia mkoloni kusahaulisha. Serikali ilikuwa inamtazama Mwafrika wa mjini kama mgeni, kibarua wa muda, mtu wa kurudishwa kwao kazi ikiisha. Wimbo unamtazama kama mwenyeji. Ana mtaa, ana mpenzi, ana majuto yake ya Jumatatu. Kuwa na majuto ya mjini ni kuwa mtu wa mjini. Huo si upinzani wa bunduki, na mimi sitaupandisha cheo. Ila si usingizi pia.

Baadaye Konde alijikuta zaidi upande wa pili wa kioo cha studio, akirekodi wenzake, fundi kwa jina na kwa kazi. Miaka ya 1960 ilikuja na kizazi kingine, Daudi Kabaka na twist yake pale Equator Sound, kisha magita ya Kongo yakajaza mji. Wale wa santuri wakawekwa kwenye kabati linaloitwa zilizopendwa. Neno zuri, lakini liangalie vizuri, limekaa wakati uliopita. Kupendwa kumeisha. Na kama ilivyokuwa kwa wengi wa enzi hiyo, wimbo ulikuwa ukilipiwa mara moja tu na kwaheri. Kelele za nani anamiliki Malaika zilitufundisha tu kile wazee walichokuwa wanajua, kwamba ngoma inaweza kuzunguka dunia na aliyeitoa akabaki anaomba nauli.

Miaka ya 1990 mwanzoni Them Mushrooms walimrudisha studio, na mwaka 1994 lebo ya RetroTan ikakusanya rekodi zake za 1947 hadi 1956 kwenye albamu moja. Ndiyo sababu wewe leo unaweza kumpata kwenye simu ukiwa kwenye mathree. Alifariki mwaka 2000.

Juzi nilipita Majengo na hiyo ngoma masikioni. Nyumba za korido bado zipo, nyingine zimezungukwa na maghorofa, na kila mwaka kuna maneno mapya ya kubomoa. Nilikuwa najaribu kumtafuta mwanamume aliyeapa, nikajikuta namtafuta mwanamke. Yeye hana santuri. Wimbo umempa mwanamume dakika tatu za kulalamika, akaondoka zake na gita. Mwanamke akabaki na chumba, akaongeza cha pili, akapangisha, akalea watoto wa wengine, akazikwa na majirani. Ukiuliza nani aliujenga mtaa huu, si yule asiyeenda tena.

Lakini bila yeye kuapa, nisingejua kuna mlango wa kubisha. Nilivua earphone, nikaomba maji kwa mama mmoja aliyekaa kwenye baraza. Akanikaribisha ndani.