Mashua iliyobebwa mabegani hadi Boyoma

Januari 2027 itatimia miaka 150 tangu Henry Morton Stanley apite maporomoko ya Boyoma, na Kisangani, mji wa Kongo ulio kando yake, itajikuta tena kwenye ubishi wake wa zamani: tumkumbuke au tumsahau? Mangobo, mojawapo ya komini sita za mji huu, mtoto wa shule anaweza kukutajia jina la Stanley bila kufikiri. Muulize nani aliyeishika mikononi kamba ya mashua yake, atakutazama tu.

Mashua yenyewe iliitwa Lady Alice. Ilitengenezwa Teddington, kando ya mto Thames, na fundi James Messenger: urefu futi 40, upana futi 6, mbao za mwerezi, vipande vitano vinavyofunguliwa na kuunganishwa. Jina lilitoka kwa Alice Pike, binti wa Marekani aliyeahidi kumngoja Stanley lakini akaolewa na mwingine mwaka 1876. Ilipofika Unguja vipande vilionekana vizito mno kwa mabega ya watu, seremala akavikata upya. Novemba 1874 msafara wa Stanley ukaondoka Bagamoyo na mashua ikipanda nchi kavu.

Mabaharia wa pwani waliokuwamo walijua kazi ya tanga tangu utotoni. Kwenye jahazi, foromali hupandishwa kwa henza inayopita kwenye kapi juu ya mlingoti, joshi hufungwa mbele, na demani, kamba inayoliongoza tanga, hubaki mkononi mwa mtu anayesikiliza upepo. Akichelewa kuilegeza dhoruba inapopiga, chombo hulala. Nahodha wa Lady Alice alikuwa mmoja wao, Uledi, kijana mfupi aliyetegemewa kuliko wote.

Ziwa Victoria lilizungukwa mwaka 1875 kwa siku 57, Tanganyika mwaka uliofuata kwa siku 51. Huko mlingoti ulisimama na tanga likatwekwa. Kwenye mto Lualaba kazi ikawa ya makasia. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, aliwasindikiza kwa malipo, akawaacha mwishoni mwa Desemba 1876.

Januari wakafika Boyoma, maporomoko saba yanayofuatana kwa kilomita karibu 100. Hapa mashua haikuwa na lake. Watu walifyeka njia msituni, wakaiburuta pamoja na mitumbwi, huku wakipigana na wenyeji wa kando ya mto, ambao kwao msafara huu wenye bunduki ulikuwa uvamizi. Hilo halifutwi na sifa yoyote ya Wangwana, watu wa pwani waliokuwa msafarani.

Kisa kinachostahili kusimuliwa Mangobo kilitokea kwenye mojawapo ya maporomoko hayo. Tunakijua kwa kitabu cha Stanley mwenyewe cha mwaka 1878, na kwa mara moja anayeng'aa humo si yeye. Mtumbwi mmoja ulizidiwa na mkondo. Ukapasuka kwenye jiwe lenye ncha lililosimama katikati ya poromoko. Zaidi, aliyekuwamo, akalikumbatia jiwe lile huku maji yakimpiga pande zote.

Walijaribu kumfikia kwa kamba, ikakatika. Wakasokota nyingine kwa mitambaazi ya msituni, ile ambayo Kisangani leo huifumia viti na kuiita kekele, wakaziongezea kamba za mahema. Wakazifunga kwenye mtumbwi, watu wa ufukweni wakazishika ili waulegeze mtumbwi taratibu kuelekea kwenye jiwe. Nani aingie? Kimya. Uledi akajitokeza, na Marzouk, kijana wa mashua, akamfuata.

Ni kazi ileile ya demani: kulegeza bila kuachia. Baada ya majaribio kadhaa Zaidi aliipata kamba, lakini zile za ufukweni zikakatika. Mtumbwi ukaserereka na kunasa kwenye kisiwa cha mawe ukingoni mwa poromoko. Watatu hao walilala hapo, maji yakinguruma kila upande. Asubuhi kamba mpya zilirushwa, wakavutwa mmoja mmoja hadi ng'ambo.

Miezi michache baadaye, chini zaidi ya mto, Uledi huyohuyo alikamatwa na shanga za msafara alizoiba. Wenzake walipotakiwa kutoa hukumu, ikakumbushwa kwamba alikuwa ameokoa watu 13 wasife maji. Nduguye Shumari na binamuye Saywa wakaomba wachapwe wao badala yake. Akasamehewa.

Lady Alice iliachwa juu ya maporomoko ya Isangila mwishoni mwa Julai 1877, siku chache kabla msafara haujafika Boma. Huku Kisangani, Kiswahili kilikita mizizi baadaye, watu wa Tippu Tip walipoweka makazi. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani; Kinshasa sanamu ya Stanley ikaangushwa zama za Mobutu.

Sanamu kuanguka ni sawa. Kosa ni kwamba pamoja naye walitupwa waliomfikisha. Wagenia, wavuvi wa maporomoko haya ya Kisangani, bado wanafunga miti yao ya kuvulia samaki kwa mitambaazi katikati ya maji yaendayo kasi, na wageni hulipa kuitazama. Kamati yoyote itakayoandaa kumbukumbu ya 2027 ingeanzia hapo: iwaulize Wagenia babu zao walisimulia nini juu ya siku zile, kisha majina ya Uledi, Marzouk na Zaidi yaandikwe kwenye kitabu cha darasa la sita, na habari ya mapigano iwekwe ukurasa uleule.