Nyumba ya udongo Kimilili: Kukandika au kupiga saruji?

KILA mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, mwezi wa Agosti huwa msimu wa tohara ya Wabukusu. Ndipo nyumba nyingi za Kimilili, Kaunti ya Bungoma, hukandikwa upya, kwani mwenye boma hapendi mgeni aegemee ukuta uliochubuka.

Ukuta husiribwa kwa udongo laini uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, ambacho nyuzi zake za majani hupunguza nyufa. Kisha hupakwa udongo wa rangi. Rangi nyeusi au nyekundu mara nyingi huwekwa chini, panaporukiwa na matope ya mvua.

Wengine siku hizi hupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Hupendeza, ila hasara yake huchelewa kuonekana. Udongo huvimba na kusinyaa, saruji haifanyi hivyo. Maji yakipenya ufa hukosa pa kutokea, fito na nguzo huoza, na lipu hubanduka mapande mapande.

Kwa ukuta kama huo chokaa ni afadhali, maana hupitisha unyevu. Fedha za saruji zingefaa zaidi kuimarisha msingi na kurefusha upenu wa mabati.