Fidia Ilipewa Nani? Wanawake wa Utengule na Historia ya Kimbilio Nyanda za Juu

Mzee mmoja alisimama ukumbini mjini Mbeya, wakati wa zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, akaomba kipaza sauti. Aliyoyasema nimeyasikia pia Iringa, Tukuyu na Makambako kwa vinywa vingine: haya mambo ya ukatili wa kijinsia tumeletewa na wafadhili, kwetu sisi mwanamke alikuwa analindwa. Wakampigia makofi. Akainuka mama mmoja wa shirika, akamjibu kwamba hapo zamani mwanamke alipigwa akanyamaza, hakuwa na pa kukimbilia, mpaka zilipokuja sheria, semina na namba za simu za bure. Makofi tena, safari hii kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Sikukubaliana na yeyote kati yao, lakini neno la mzee lilinikaa kichwani. Analindwa. Shamba la mahindi hulindwa nyani wasiingie. Ng'ombe hulindwa wasiibwe. Ng'ombe akiibwa, fidia hapewi ng'ombe.

Wote wawili wangenufaika na masimulizi yaliyoandikwa umbali mfupi tu kutoka ukumbi ule. Mkoa wa Mbeya una Utengule mbili. Ya Usangu iko Mbarali. Ninayoisema hapa ni Utengule Usongwe, jirani na Mbalizi. Mtemi Merere wa Wasangu alijijengea ngome huko Usafwa baada ya Wahehe kumsukuma kutoka nchi yake. Wamisionari wa Moravian, ambao walianzia Rungwe mwaka 1891, wakafungua kituo Utengule mwaka 1895, na muda si mrefu Wajerumani wakamrudisha Merere na watu wake Usangu. Habari za Mkwawa wa Wahehe, kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga mwaka 1894 na kifo chake mwaka 1898 msomaji anazijua tangu darasa la tano, kwa hiyo nazipita. Ninachotaka ni habari za wale waliobaki Utengule baada ya wakubwa kuhama: Wasafwa wenyewe, pamoja na watu waliosombwa na vita kutoka Unyiha, nchi za mpakani na hata ng'ambo, iliyo Zambia ya leo. Wengi wa hao waliosombwa walikuwa wanawake.

Katika kituo hicho aliishi mke wa mmisionari, Elise Kootz-Kretschmer. Huyu ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha Kijerumani juu ya Wasafwa, juzuu tatu, kilichotoka kati ya 1926 na 1929. Wataalamu wa mila hukitaja hicho. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ni ile ndogo: alikaa na wanawake watu wazima, akawaacha wasimulie maisha yao tangu utotoni, akaandika. Mmoja aliitwa Narwimba. Mwingine aliitwa Chisi, au Sichyajunga, Mbisa aliyetolewa kwao akiwa mtoto, akapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Utengule. Maisha ya Sichyajunga yalichapishwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1938, na jina la kitabu linasema kwamba hayakuwa na utulivu. Baadaye mwanahistoria Marcia Wright aliyafufua masimulizi haya, kwanza kwa makala ya mwaka 1975, kisha kwa kijitabu kilichotoka Lusaka mwaka 1984, na mwishowe kwa kitabu chake cha 1993 kuhusu mbinu za watumwa na wanawake. Mimi mwenyewe nilimsoma Narwimba kwa Kiingereza. Bibi wa Mbeya alisema kwa lugha yake, akaandikwa Kijerumani, akanifikia Kiingereza; ndiyo safari ya maneno yetu mengi.

Narwimba alizaliwa katikati ya karne ya 19, katika nchi iliyo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Hiyo ilikuwa njia ya misafara ya watumwa na uwanja wa uvamizi: Wabemba upande huu, Wangoni upande ule, Wasangu na Wahehe wakigombana kaskazini. Mumewe alikufa. Hapo ndipo anapofanya jambo ambalo kila nikilisoma hunilazimu kuweka kitabu chini. Alikwenda mwenyewe kwa ndugu wa marehemu, mtu aliyeitwa Mirambo (si yule wa Urambo), akamsihi amchukue awe mke wake, ili yeye na watoto wake wapate wa kuwakinga. Mirambo akakubali.

Leo kurithi wajane kumeandikwa katika kila bango la mila potofu, na sina nia ya kuitetea desturi hiyo. Lakini yule mama wa shirika angesoma hapa angefanyaje? Narwimba hakunyamaza na hakukaa akingoja. Alipima hatari, akaona mjane asiye na mwanamume wa kusema "huyu ni wangu" ni mali isiyo na mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe ilikuwa inauzwa. Akachagua mwenyewe wa kummiliki. Wright anaonyesha kwamba katika miaka ile mpaka kati ya mke, tegemezi na mtumwa ulikuwa mwembamba, na mwanamke angeweza kuuvuka mara kadhaa katika maisha yake bila yeye kubadilika lolote. Kilichobadilika ni nani aliyesimama nyuma yake.

Basi mzee wa ukumbini alisema kweli kuliko alivyokusudia. Mwanamke alilindwa, na kwa sababu hiyo hiyo aliweza kutolewa. Ugomvi kati ya koo mbili, mtu ameuawa au amechukuliwa mke, ulilipwa kwa ng'ombe, kwa majembe, na pengine kwa msichana. Msichana huyo hakuwa amemkosea mtu. Anakwenda kukaa kwa wadai kama rehani, na vita vikizuka au njaa ikiingia, rehani inauzwa kwa msafara. Ukiwasikiliza watu wa kizazi kile hili halisimuliwi kama ajabu. Linasimuliwa jinsi sisi tunavyosimulia mkopo wa benki.

Najua litakalosemwa: masimulizi haya yamepita kwenye chujio la misheni. Ni kweli. Mwanamke anayezungumza kwenye baraza ya mmisionari anajua mwisho wa hadithi unaotakiwa, yaani kufika Utengule, kubatizwa na kupata amani. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito, na nimeyasoma masimulizi nikilikumbuka. Ila misheni ilihitaji shetani na mkombozi, na humu wabaya ni wengi mno, tena wa kawaida mno, kumfaa shetani mmoja: mjomba, mume aliyechoka, jirani mwenye deni. Na wanaosaidia si wazungu tu. Mara nyingi ni mwanamke mwingine, au mwanamume aliyeamua kwa sababu zake kutomrudisha mtu. Hayo hayatungwi kwa ajili ya jarida la wafadhili wa Herrnhut. Sina subira hata kidogo na wale wanaosema utumwa wa huku bara ulikuwa mpole kwa sababu mtumwa aliitwa mtoto wa nyumbani. Waulize waliotoroka usiku.

Kituo cha misheni nacho kilikuwa mlinzi kama walinzi wengine. Kilipokea waliokimbia, kikawapa shamba na jina, kisha kikadai utii: ndoa moja, kanisa, kazi. Aliyeikimbia ngome ya mtemi alijikuta chini ya kanuni za mchungaji. Kwangu Utengule haikuvunja desturi ya kimbilio. Iliingia ndani yake. Tofauti ni kwamba kwa mlinzi huyu kulikuwa na mtu mwenye kalamu na subira ya kusikiliza.

Iringa, nchi ya Wahehe, inanipa shida zaidi. Historia yake imejaa watemi na mashujaa kiasi kwamba mwanamke hutokea kama mama wa fulani au mateka wa fulani. Wahehe walikuza dola kwa kuingiza watu wa vita ndani ya koo zao, na wengi wa walioingizwa hivyo walikuwa wanawake na watoto. Wajukuu wao ndio Wahehe wa leo. Mara chache sana utasikia familia ikianza ukoo wake kwa bibi aliyeletwa kwa kamba.

Wakati wa Mwingereza deni lilihama kutoka kwenye mwili wa msichana likaingia kwenye daftari la baraza. Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusa miaka ya 1930, na katika maandishi yao ndoa ni ng'ombe, talaka ni ng'ombe, ugoni ni ng'ombe. Wanaume walikuwa wamekwenda Lupa kuchimba dhahabu, au kusini zaidi kwenye migodi. Mke aliyebaki nyumbani alimwepuka baba mkwe hata asilitamke jina lake. Akionekana na mwingine, kesi ilikuwa ya wanaume wawili, na fidia ya ugoni ikaingia zizini kwa mume. Monica Wilson aliandika kwa huruma juu ya heshima na mpangilio wa vijiji vya rika. Mimi huruma yangu inaishia pale ninapoona kwamba katika mashauri hayo mwanamke ni ushahidi tu.

Baada ya Uhuru mambo haya yakawekwa kwenye karatasi. Kanuni za mila za mwaka 1963 zilitokana na kazi ya Hans Cory, ambaye alikuwa ameanza na Wahaya na Wasukuma. Mtu wa Nyanda za Juu ana haki ya kuuliza lini aliulizwa. Kanuni hizo zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Rudi kwa Narwimba mbele ya Mirambo uone miaka mingapi imepita. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga kanuni hiyo katika Mahakama Kuu, mwaka 2006 mahakama ikaona ina ubaguzi lakini haikuifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwenda mbali kuliko tunavyoikumbuka. Tunaisema kwa ubaya, na kwa haki, kwa sababu ya umri wa binti kuolewa, jambo ambalo Mahakama ya Rufani ililiamua mwaka 2019 katika kesi ya Rebeca Gyumi. Lakini kifungu cha 66 kinatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu hicho hakina adhabu yake ndani. Ni tamko. Na fidia ya ugoni, kwa sheria hiyo, hata mke anaweza kuidai. Miaka iliyofuata ya ujamaa, na jinsi sheria hiyo ilivyofika au kutofika vijijini, inahitaji makala yake.

Mwaka 2001 na 2002 wadodosaji walipita Mbeya nyumba kwa nyumba. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linafanya utafiti katika nchi kumi, na kwa Tanzania lilichagua sehemu mbili, Dar es Salaam na Mbeya. Ripoti ilitoka 2005. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 56 ya wale wa Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kimapenzi na mwenzi huyo. Dar es Salaam asilimia 41. Kupigwa peke yake, Mbeya ilikuwa asilimia 47. Wapo waliosema namba hizo zinaudhalilisha mkoa. Mimi nazisoma kama mwendelezo wa kazi ya Utengule: mtu amekaa na mwanamke faraghani, akamuuliza, akaandika alichojibiwa.

Siku hizi kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, kuna maofisa ustawi wa jamii. Kuna fomu ya PF3, karatasi ambayo mwanamke aliyeumizwa hutumwa kwenda kuitafuta polisi kabla ya kurudi kwa daktari, na ambayo wengine huipata kumeshakucha. Na ipo sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo watu huikumbuka kwa kifungo cha miaka 30. Humo humo mna maneno ambayo hayakuwamo katika daftari la baraza wala katika hesabu za koo: mkosaji ataamriwa kulipa fidia kwa mtu aliyetendewa kosa. Si kwa baba wala kwa mume.

Miaka michache iliyopita niliketi kwenye kikao cha namna ile inayoitwa kumalizana, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, baba mdogo wa binti alikuwepo, na upande wa kijana walikuja wazee wanne na begi dogo. Walizungumza kwa upole sana, sikusikia matusi. Walikubaliana kwamba polisi ni mbali na watoto ni wa majirani. Noti zilihesabiwa mara mbili juu ya kiti cha plastiki, kwanza na wao, kisha na baba mdogo, ambaye alizikunja akazitia mfukoni na kushukuru. Kisha akaita kuelekea jikoni. Binti akatoka na jagi la maji na beseni, akaanza kuwanawisha wageni mikono, mmoja mmoja, akianzia kwa mkubwa.