Mzigo wa Wazee Wetu: Vita vya 1914–1918, kutoka Woolwich hadi Rufiji



Kwa kuwa mkutano wa ukoo wetu safari hii unafanyika Woolwich, kamati iliniomba niandike machache juu ya historia ya mahali hapa. Nimetii, lakini nawaomba radhi mapema: sikuweza kuandika habari za Woolwich bila kuandika pia habari za Kisaki na Rufiji. Sababu yake mtaiona hapo mbele, na pengine wengine wenu haitawafurahisha.

Mtakaokuja kwa treni mtashuka hatua chache tu kutoka uwanja wa Beresford, penye soko na lango la kale la matofali. Lango hilo lilikuwa la Royal Arsenal, kiwanda kikuu cha silaha cha dola ya Kiingereza, ambacho chanzo chake ni mwaka 1671. Leo ndani yake mna nyumba za kukaa, na baadhi ya majengo ya kale yamesalia. Lakini wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia palikuwa na wafanyakazi karibu 80,000, na maelfu mengi kati yao walikuwa wanawake. Walijaza baruti katika makombora na risasi usiku na mchana. Baadhi ya wanawake hao, kwa kushika baruti kali siku zote, ngozi zao ziligeuka rangi ya manjano. Tarehe 19 Januari 1917, upande wa pili wa mto Thames, mahali paitwapo Silvertown, kiwanda cha baruti kililipuka. Watu 73 walifariki na mamia walijeruhiwa. Ukumbusho wao umejengwa, na majina yao yanajulikana.

Nimeitaja Silvertown kwa makusudi. Mauti ya raia wasio na bunduki yaliwafikia hata hawa wa hapa, wala hatupaswi kuwaonea wivu kwa kukumbukwa. Ila na tujiulize: wale waliobeba mizigo ya vita hivyo hivyo katika nchi yetu, majina yao yako wapi?

Vita vilianza Ulaya mwishoni mwa Julai 1914, na havikukawia kuvuka bahari. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Kiingereza katika bandari ya Unguja. Mapema mwezi Novemba jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi, lenye watu 8,000 hivi, lilishindwa Tanga na jeshi dogo la Paul von Lettow-Vorbeck. Königsberg nayo ilijificha katika mikono ya mto Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake iliopolewa na kuendelea kupiga nchi kavu. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus huonyeshwa huko Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Watoto wetu waendao likizo hupiga picha hapo bila kujua kisa chake.

Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts aliingia Tanganyika kutoka kaskazini. Morogoro ilitekwa mwezi Agosti, na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Kwenye ramani ulikuwa ushindi. Lakini farasi na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yalikwama, na masika ya 1917 yaliyageuza mabonde ya Rufiji kuwa bahari. Hapo likabaki jambo moja tu la kutegemewa, nalo ni kichwa na bega la mwanadamu. Unga, risasi, makombora, dawa, hata mitungi ya mvinyo ya maofisa, vyote vilibebwa na watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, wa kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Unguja na Tanganyika yenyewe. Wajerumani nao waliwakamata wanakijiji popote walipopita. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na kichomi, kwa njaa na kwa chakula wasichokizoea, kilichopikwa nusu kwa kukosa kuni kavu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache mno ukilinganisha na hao.

Sasa nafika nyumbani kwetu.

Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba babu mkuu wa ukoo huu alikuwa askari. Tulipokuwa wadogo tulipitishwa mbele ya sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, ile iliyosimamishwa mwaka 1927, tukaambiwa, "Huyo ndiye babu yenu." Tulijivuna. Lakini bibi yetu marehemu, binti yake, hakulisema neno hilo hata siku moja. Nilipomwuliza, nikiwa kijana, alinijibu: "Mwanangu, baba hakushika bunduki. Alishika mzigo. Bunduki ilikuwa nyuma yake."

Kwa maelezo yake, walikuwa ndugu wawili. Mdogo alichukuliwa kwanza, na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kupitia Kisaki. Mkubwa, ndiye babu yetu, alichukuliwa miezi michache baadaye na Waingereza. Ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wanabeba risasi za kuwapiga mabwana wa mwenziwe, na hapana hata mmoja aliyeulizwa ridhaa yake. Babu alirudi na kipara utosini ambapo nywele hazikuota tena. Mdogo hakurudi. Hapakuja barua, hapakuja mshahara, hapakuonyeshwa kaburi. Bibi alisimulia kwamba, hata uzeeni, babu alikataa kuiita Kariakoo soko. Aliiita "kambini", kwa kuwa ndipo ilipokuwa kambi ya jeshi la wapagazi, na jina lenyewe la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo.

Hakuwa peke yake katika msiba huo. Wanahistoria wanakisia kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walifikia 100,000 hivi. Upande wa Wajerumani hapakuwekwa orodha kamili. Silaha zilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Lettow-Vorbeck hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia. Nyuma yake aliacha nchi iliyonyang'anywa nafaka na ng'ombe. Ugogo iliingia katika njaa kuu iliyoitwa Mtunya, na homa ya mafua ya 1918 ikamaliza wengi walionusurika.

Kisha ikaja dhuluma ya pili, ambayo ni kusahauliwa. Maneno yaliyochongwa chini ya sanamu ya Dar es Salaam yanawataja wapagazi, lakini sanamu ni ya mwenye bunduki. Serikali ya Tanganyika ya miaka ya 1920 iliona heri makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi msituni. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri, katika ripoti yake, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Ndugu zangu, radhi imeombwa, lakini sisi wenyewe je? Najua baadhi ya wazee hawataki habari hii iandikwe. Wanaona kuitwa mjukuu wa mpagazi ni karibu na kuitwa mjukuu wa mtumwa. Nawaheshimu, lakini katika hili siwezi kuwafuata. Aibu si ya aliyebebeshwa, ni ya aliyembebesha. Nasi tukiendelea kumwita babu askari, tunamnyima hata ule uchungu alioupata, na ndugu yake tunamfukia mara ya pili, kwa maana hadithi ya askari haina nafasi yake.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano. Katika dua ya Jumamosi majina ya ndugu wote wawili yasomwe, la mkubwa na la mdogo, na katika shajara ya ukoo liandikwe neno "mpagazi" penye majina yao. Kurasa mbili za mwisho za kijitabu hiki zimeachwa tupu. Mwenye kujua jina la jamaa mwingine aliyechukuliwa, wa Muscat, wa Toronto, wa Mombasa au wa nyumbani, aliandike hapo, au amwombe kijana amwandikie.

Na jioni, tutakapotembea kwenda mtoni kupitia lango lile la Arsenal, tuwaonyeshe watoto mahali mzigo ulipofungwa. Mahali ulipotuliwa wameshaambiwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atukutanishe salama. Karibuni Woolwich.