Majibu ya kichanga: "safi" ya kwanza isikudanganye

Wadau, mwanangu akiwa na siku mbili aligoma kunyonya. Kipimo cha damu, CRP, kikaja safi, nikataka turudi home. Nesi akakataa. Baada ya saa 24 kikarudiwa: kimepanda!

Nilichojifunza: CRP huchelewa kupanda saa kadhaa tangu maambukizi yaanze, so kipimo kimoja hakitoshi. Chembe nyeupe nyingi siku za mwanzo zaweza kuwa kawaida kwa kichanga. Kuotesha damu maabara huchukua saa 36 hadi 48, na damu ikiwa kidogo vijidudu vyaweza visionekane. Ndo maana dozi huanza kabla ya majibu.

Asiponyonya, akilegea, akiwa wa moto au wa baridi, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika, mkimbize hospitali, karatasi iseme lolote. Wangu alipona.