Gitare za umeme kutoka Japani: historia yao na sababu ya kuzitunza

Kuko watu watakaouliza: gitare ya Japani inaingia wapi ndani ya kitabu cha desturi za kwetu? Tunasema juu ya ngoma, likembe, ndoa na mashauri ya wazee; gitare ni kitu cha usini, tena usini ya mbali. Swali ni la haki, na linaomba jibu.

Mchele tunaokula na Kiswahili tunachosema vilifika huku pamoja na misafara ya mashariki, wakati Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip na watu wake, mbele haujaanguka mikononi mwa askari wa Leopold mwezi wa Aprili 1893. Leo hakuna mtu Kasongo wala Kabambare anayesema mchele si chakula chetu. Kitu kinakuwa cha watu siku wanapokitia mkono wao. Gitare nayo ilifuata njia hiyo.

1. Mbele ya gitare za Japani

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Bosco alikuwa na gitare kavu, bila umeme wowote, na alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini mtu angefikiri anasikia watu wawili. Mwaka uliofuata Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kufanya kazi kwenye studio ya CEFA, na huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuingiza gitare ya umeme katika muziki wa Kongo. Kisha wakaja Nico Kasanda wa African Jazz na Franco wa OK Jazz, orkestra iliyozaliwa 1956, wakaifanya gitare hiyo iseme lugha yetu.

Lakini gitare ya Gibson au Fender ya Marekani ilikuwa kitu cha bei kali. Kijana wa jimbo aliisikia kwa redio. Kuishika mkononi ilikuwa jambo lingine. Kwa vijana wa namna hiyo, si wa Kongo peke yake bali wa dunia nzima, Japani ndiyo iliyofungua mlango.

2. Fundi aliyetengeneza kinanda cha shule

Mwaka wa 1887, mjini Hamamatsu, kinanda cha upepo cha shule ya msingi kiliharibika. Waliita fundi mmoja aliyezoea kutengeneza vyombo vya hospitali, jina lake Torakusu Yamaha. Alikifungua, akakichunguza, akaona yeye naye anaweza kuunda kama hicho. Alipokwisha kuunda cha kwanza, yeye na mwenzake walikibeba mabegani kupita milima ya Hakone, karibu kilometre 250, mpaka shule ya muziki ya Tokyo. Walimu wa kule wakamwambia: umbo ni zuri, lakini sauti hazilingani. Hakukasirika. Alibaki pale kujifunza sheria za sauti, akarudi, akaunda cha pili. Toka kazi hiyo ilizaliwa kompani ya 1897 ambayo jina lake tunaliona leo hata kwenye pikipiki. Alama yake ni diapazoni tatu, vile vyuma vya kupimia sauti. Gitare zake za kwanza za umeme zilitoka 1966.

Wengine walifuata. Hamamatsu ilipata Kawai mwaka wa 1927 na Tokai mwaka wa 1947. Teisco ilianza 1946, kisha Kawai ikainunua 1967. Katika mji wa Matsumoto, kompani ya Matsumoku ilikuwa inachonga mbao za meza za mashine za kushonea za Singer. Mafundi wale wale wakageuka kuchonga gitare. Mji huo huo ukaona kuzaliwa kwa FujiGen mwaka wa 1960.

Katika mwaka wa 1965 Wamarekani wanaoitwa The Ventures walizunguka Japani, na vijana wakashikwa na wazimu wa gitare ya umeme. Wakubwa wa elimu wa miji fulani waliikataza kwa wanafunzi, wakisema inaleta uhuni. Sisi walimu tusicheke haraka: maneno hayo tumeyasikia pia katika vyumba vyetu vya walimu.

3. Kopi na kesi

Historia ya jina Ibanez inaonyesha vizuri njia yote. Hoshino ilianza 1908 mjini Nagoya kama duka la vitabu. Kutoka 1929 ilileta gitare za Salvador Ibáñez, fundi wa Valencia kule Hispania. Baadaye Wajapani walichukua haki ya jina na kulibandika kwenye gitare zao. Miaka ya 1970, FujiGen ikiwaundia, walitoa kopi za Gibson na Fender zilizofanana na mama zao kama mapacha, kwa bei ndogo zaidi. Greco na Tokai walifanya vile vile.

Mwaka wa 1977 Norlin, kompani mama ya Gibson, ilipeleka mbele ya tribinali ya Philadelphia wale waliokuwa wakiuza Ibanez Marekani. Kiini cha kesi kilikuwa umbo la kichwa cha gitare. Mwaka wa 1978 walipatana bila hukumu, na Ibanez ikazidi kutoa maumbo yake mwenyewe. Tuone mwisho wake: Gibson walikuwa wamekwisha kuwapa Matsumoku kazi ya kuunda Epiphone tangu 1970, na mwaka wa 1982 Fender nao walifungua Fender Japan, gitare zikiundwa na FujiGen. Mwanafunzi aliyeitwa mwizi wa kazi alipewa kazi na mwalimu mwenyewe.

Bei ndogo haikudumu. Kisha mapatano ya feza ya Septemba 1985, yeni ilipanda: dola moja iliyokuwa karibu yeni 240 ilifika karibu yeni 120 mwisho wa 1987. Kazi ya gitare za bei ndogo ikahamia Korea, baadaye Indonesia na China. Matsumoku ilifunga mwaka huo wa 1987.

4. Namna ya kuzitambua

Mwenye kuwa na gitare ya zamani asiitupe mbele hajaitazama. Asome jina kwenye kichwa, halafu ageuze nyuma atafute kibati cha chuma pale shingo inaposhikana na mwili: mara nyingi nchi imeandikwa hapo. Kwa Ibanez nyingi za FujiGen, kutoka mwisho wa 1975 mpaka katikati ya miaka ya 1980, numero inaanza kwa herufi ya mwezi, A ni Januari na L ni Desemba, halafu tarakimu mbili za mwaka. C78 maana yake ni Machi 1978.

Tena ajue kinachoharibika. Mikro ya gitare ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Waya ukikatika ndani, sauti inakufa, lakini fundi mwenye subira anaweza kuuzungusha upya. Vifungo vya sauti vinavyokwaruza mara nyingi vinaomba kusafishwa tu. Waya wa freni ya baisikeli, ambao vijana wetu wanautumia mahali pa uzi, unakula vile vyuma vya shingo na kuivuta shingo yenyewe. Dharura ikipita, heri uondolewe.

5. Kinachoweza kupotea

Vita vya 1996 na 1998 vilitawanya watu na vyombo. Siku hizi kinanda cha umeme kinapiga ngoma, besi na gitare peke yake, na gitare ya baba inavunjwa ili spika ya redio ipate waya. Wakati huo huo watu wa Ulaya, Marekani na Japani yenyewe wanazitafuta gitare hizo za miaka ya 1970 kwa feza nyingi. Asiyejua maana haambiwi maana: atauza kwa bei ya kuni.

Lakini bei si neno kubwa. Neno kubwa ni hili: Wajapani walianza kwa kutengeneza kilichoharibika, kisha kuiga, kisha kuunda. Sisi tulizigeuza gitare kwa vidole mpaka dunia ikaja kujifunza kwetu. Kazi ya mbao na waya tuliiacha njiani. Si kwamba hatuwezi. Mingiedi wa Konono No. 1, kule Kinshasa, alitengeneza mikro za likembe kwa sumaku za vipande vya gari, na sauti ile ilisikiwa hata Ulaya.

Basi shirika letu lifanye kazi moja ya wazi: kuandika, kijiji kwa kijiji, gitare gani zimebaki, zilipigwa katika orkestra gani, nani anajua bado kuzitengeneza. Na kila fundi huyo apewe kijana mmoja wa kumfuata. Yamaha alihitaji kinanda kimoja kibovu cha shule. Vibovu hatuvikosi.